Andika Kwanza, Uliza Baadaye

Kuba liligeuka lenyewe. Ndani hamkuwa na mtu.

Jua lilikuwa limeshazama, nami nimesimama nje na wanafunzi wachache wa klabu ya astronomia, klabu yangu ya zamani. Juu yetu lile paa jeupe la mviringo la nyumba ya darubini likazunguka taratibu, likatulia, kisha mlango wake wa juu ukafunguka upande wa mashariki. Mwenyekiti wao, binti wa mwaka wa pili, alikuwa ameshika simu. Akanionyesha: darubini imeshaikamata nyota, kamera imepoa kiasi kinachotakiwa, picha ya kwanza imeingia. Ingepiga hivyo mpaka alfajiri, nao wangeamka na kukuta mamia ya picha zinasubiri kupimwa.

"Ninyi hamwingii?" nikamuuliza.

"Tunaingia mchana, dada, kufanya usafi na kukagua nyaya. Usiku hapana. Joto la watu linavuruga hewa mbele ya kioo."

Ni kweli, hata sisi tulilijua hilo. Hewa ya moto ikipanda mbele ya kioo, nyota huanza kutetemeka na kuvimba.

Kisha akauliza kwa adabu, kwa nia ya kujua kabisa: "Kwani enzi zenu mlikuwa mnafanya nini humo usiku kucha?"

Nikamjibu kwamba tulikuwa tunatazama.

Jibu lile halikunitosha hata wakati linatoka mdomoni. Wiki zimepita na swali bado linanifuata, nikiwa kazini, nikiwa njiani, nikijigeuza kitandani. Ninaandika haya ili nimjibu vizuri zaidi.

## Giza kwanza

Kazi yetu ilianza kwa kusubiri. Ukitoka kwenye taa, jicho huhitaji kama dakika 20 hadi 30 kulizoea giza. Mboni hupanuka mara moja, lakini kemikali ya kuonea gizani hujijenga polepole nyuma ya jicho, na mwanga mweupe wa ghafla huiharibu ukaanza upya. Ndiyo maana tochi zetu zilifunikwa karatasi nyekundu, na aliyefungua mlango bila kubisha alisikia kelele za watu wote.

Katika dakika hizo tulikaa sakafuni kuizunguka nguzo ya darubini, tukazungumza. Sura hazikuonekana. Nadhani ndiyo sababu watu walisema mengi ya kweli mle ndani: masomo yaliyowashinda, hofu za nyumbani, mashaka kama njia waliyoichagua ni yao au ni ya wazazi. Wapo niliowafahamu kwa sauti muhula mzima kabla sijawatambua mchana kwenye ngazi za maktaba.

Halafu mmoja alivuta mnyororo, kuba likaguna na kuzunguka, mwingine akapanda ngazi. Darubini yetu ilikuwa ya kioo, ya muundo ule ambao Newton aliutengeneza mwaka 1668. Mota yake ilizungusha mhimili mara moja kwa saa 23 na dakika 56, kwa kuwa huo ndio muda ambao Dunia huchukua kujizungusha ukiipima kwa nyota. Zile dakika nne zinazokosekana ndizo zinazofanya kila nyota ichomoze mapema kidogo kuliko jana. Tulihesabu muhula kwa Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kuliko kwa kalenda: ikianza kuonekana juu giza linapoingia tu, tulijua wakati umekwenda.

## Daftari

Kwenye meza pembeni palikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu. Mlezi wa klabu, mwalimu wa fizikia aliyekuwa mpole katika kila jambo isipokuwa hili, alikuwa na sheria moja juu yake.

Andika ulichokiona kabla hujamuuliza mwenzako kaona nini. Ukishaandika, hufuti.

Tulikuwa tunafuatilia nyota zinazobadilika mwanga. Unachagua nyota mbili jirani ambazo mng'ao wake unajulikana, moja inang'aa kuliko ile unayoipima, nyingine hafifu zaidi, halafu unakadiria yako imesimama wapi kati yao. Kipimo ni magnitudi, na namba ikiwa ndogo ndivyo nyota inavyong'aa zaidi. Aliyezoea hukadiria kwa usahihi wa sehemu moja au mbili za kumi.

Niliipenda nyota iitwayo Mira. Mtazamaji wa nyota David Fabricius aliiona mwaka 1596, ikafifia mpaka ikampotea, akaja kuiona tena mwaka 1609. Hupanda na kushuka kwa takriban siku 332. Ikiwa juu unaiona kwa macho matupu, ikishuka huipati bila darubini. Kwa kuwa siku hizo hazifiki mwaka, kilele chake hurudi mapema kwa karibu mwezi mmoja kila mwaka, na ipo miaka ambayo kilele kinaangukia wakati nyota iko upande wa Jua na haionekani kabisa. Kizazi kimoja cha klabu huikuta ikiwaka, kizazi kingine kikaingia na kuhitimu bila kukishuhudia kilele kizuri hata kimoja. Mimi nilikuta kurasa za Mira zilizoandikwa na watu ambao sikuwahi kuwaona, kila mmoja na mwandiko wake, nikaendeleza pale walipoishia. Kuna aliyeandika herufi za mviringo sana na kutia nukta kubwa baada ya kila namba. Mpaka leo ningependa kukutana naye.

Mlezi nilimwona akikasirika siku moja tu. Mwanafunzi alikuwa amebadili namba yake ilingane na ya rafiki yake.

"Ulichokiona wewe ni kipi?"

"Hiki cha kwanza, Mwalimu."

"Sasa mbona unatunyima?"

Hakupaza sauti. Lakini sijausahau uso wa yule kijana, wala yale maneno. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu akikubaliana na wengine anaweza kuwa anawanyima kitu.

## Mwaka ambao Zohali haikuwa na pete

Usiku wa wageni ulikuwa sherehe yetu. Watu walipanga foleni kutoka mlangoni mpaka kwenye nyasi, na wengi walifuata kitu kimoja: pete za Zohali.

Mwanzoni mwa 2009 pete zilikuwa zimetugeuzia ubavu. Zohali hulizunguka Jua kwa miaka 29 na ushei, na katika safari hiyo mara mbili Dunia hupita kwenye usawa wa pete zake. Pete hizo zina upana wa zaidi ya kilomita 250,000 toka ncha hadi ncha, lakini unene wake kwa sehemu kubwa ni makumi ya mita tu. Zikikaa kiubavu, huoni cha maana. Ilitokea tena Machi 2025.

Tulibishana sana kabla ya usiku ule. Wengine walitaka tuahirishe, wengine tuwaonyeshe wageni Mwezi na kunyamaza kuhusu Zohali, wengine tusimame mlangoni na kumweleza kila mtu mapema ili asivunjike moyo. Mimi nilikuwa upande wa kueleza. Niliona ni uungwana.

Mlezi akakataa. "Usimwambie mgeni atakachokiona," alisema. "Mpe karatasi na penseli."

Hivyo kila aliyeshuka ngazi alichora kwanza, maelezo yakafuata. Mzee mmoja alitazama kwa muda mrefu, akachora duara na mstari mwembamba unaolikata. "Ninaona mpira uliochomwa sindano," akasema, na akaonekana kuridhika sana nao. Nyuma yake alikuja mama mmoja aliyetazama kwa haraka, akachora pete nzuri, pana, zilizoinama kama zile za vitabuni.

Mlezi alizipokea karatasi zote mbili, akazibandika daftarini kwa gundi, zikiwa zimefuatana.

Mimi nililalamika pembeni. Pete zile hazikuwepo angani usiku ule, zilitoka kichwani kwa yule mama. Akanijibu kwamba hiyo ndiyo taarifa yake na ina haki ya kukaa hapo. Sikuridhika. Lakini baadaye kidogo nilimwona yule mama amesimama mbele ya daftari, akiitazama karatasi ya mzee kando ya ya kwake. Hakuna aliyemwambia neno. Akarudi mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa ndefu. Safari hii alikaa juu ya ngazi mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Akashuka, akachora duara na mstari.

Akaomba karatasi yake ya kwanza isitolewe.

Nimelifikiria tukio hilo kuliko karibu jambo lolote lingine la miaka ile. Ningemweleza mlangoni, angeuona mstari kwa sababu nimemwambia aone mstari. Kilichomrudisha kwenye foleni ni mchoro wa mtu mwingine uliotofautiana na wake.

Galileo mwenyewe alipoitazama Zohali mwaka 1610 aliona kama nyota tatu zimeshikana. Mwaka 1612 zile mbili za pembeni zikatoweka, akataharuki. Pete zilikuwa zimekaa kiubavu, naye hakuwa na namna ya kulijua hilo. Aliripoti alichokiona hivyohivyo. Waliomfuata wakachora sayari yenye masikio, sayari yenye mishikio. Christiaan Huygens alipotoa jibu mwaka 1659, kwamba ni pete nyembamba isiyoigusa sayari popote, aliichukua michoro ya waliomtangulia na kuonyesha jinsi pete ileile ilivyoweza kuzaa maumbo yote yale. Laiti wangechora walichokubaliana, asingekuwa na cha kueleza.

## Macho ya rafiki yangu

Nilikuwa na rafiki ambaye aliziona nyota nyekundu zikiwa hafifu kuliko nilivyoziona mimi. Usiku baada ya usiku, karibu sehemu tatu za kumi. Kwenye nyota nyeupe tulilingana vizuri tu.

Nilimshuku kwamba ana haraka. Yeye alinishuku kwamba nakodoa macho, na hilo lilikuwa na msingi, maana nyota nyekundu ukiikazia macho huzidi kung'aa kadiri unavyoitazama. Anayepima nyota za namna hiyo hufundishwa kutupa jicho na kuliondoa. Nikaanza kutupa jicho. Tofauti ikapungua, lakini haikwisha. Tukanuniana. Ilikuwa karibu ituharibie urafiki, namba hizo ndogo ambazo hakuna mtu nje ya kuba angezijali.

Kisha mlezi akatupa karatasi ya kuchorea grafu, akatuambia kila mmoja achore namba zake mwenyewe za nyota moja, kwa kalamu yake.

Mistari miwili ikapanda pamoja, ikashuka pamoja, vilele siku zilezile. Haikugusana popote.

Macho ya watu hayafanani katika kuipokea rangi nyekundu. Yeye alikuwa shahidi mwaminifu wa jicho lake, nami wa langu, na nyota ilikuwa inasimuliwa sawasawa na wote wawili. Mmoja wetu angelegea akafuata namba za mwenzake, mstari mmoja ungekatika katikati bila sababu, na mtu wa baadaye angedhani nyota imefanya jambo ambalo haikulifanya.

Tangu hapo nimekaa kwenye vikao vingi. Nimeona mkubwa anavyosema kwanza, na namba za wengine zinavyoanza kusogea kumfuata, taratibu, kwa tabasamu. Nimeona familia ikikubaliana juu ya kilichotokea mpaka aliyeona tofauti akaanza kujishuku. Kila mara namkumbuka mlezi wetu. Natamani kugawa vikaratasi kabla mtu hajafungua kinywa.

## York, 1783

Binti yule wa mwaka wa pili angempenda John Goodricke. Alikuwa kiziwi, akiishi York huko Uingereza, na jirani yake Edward Pigott alikuwa mpenzi wa nyota kama yeye. Mwishoni mwa 1782 Goodricke aliona nyota Algol imefifia. Akaifuatilia, na mwaka 1783 akaeleza kwamba hufifia kila baada ya siku 2 na karibu saa 21, akapendekeza kwamba huenda kuna kitu kinapita mbele yake. Umri wake ulikuwa haujafika miaka 20. Kazi ilifanyika kwa macho na kwa kulinganisha nyota na nyota, kama sisi.

Mwaka uliofuata, katika majira yaleyale, Pigott akakuta Eta Aquilae inabadilika, Goodricke akakuta Delta Cephei. Wote wawili walikuwa wameshika mifano ya kwanza ya aina ya nyota ambazo mwanaastronomia Henrietta Leavitt alizitumia, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1912, kuonyesha kwamba mwendo wa kubadilika kwake hutueleza mng'ao wake halisi. Kwa nyota ya aina hiyo Edwin Hubble akatambua mwaka 1923 kwamba galaksi ya Andromeda iko mbali sana, nje ya galaksi yetu. Goodricke alikuwa amekufa tangu 1786, akiwa na miaka 21.

Umri wa watu waliokuwa wakikaa nami gizani.

## Ninachoweza kukikubali

Lazima niseme hili waziwazi: kamera ya wale wanafunzi inafanya kazi ambayo sisi tusingeiweza kamwe. Mwaka 1999 wanaastronomia waliona nyota HD 209458 ikipungua mwanga kwa chini ya asilimia mbili sayari yake ilipopita mbele. Jicho haliwezi kuona upungufu wa namna hiyo hata likikesha. Wanafunzi hawa wanaupima kwa darubini ya ukubwa wa ile ile yetu.

Na kuna jambo jingine. Klabuni kwetu alikuwepo mwenzetu aliyetembea kwa gongo. Ngazi ile haikumfaa. Tulimsaidia, tukambeba inapobidi, lakini mara nyingi alibaki chini akituandikia namba zetu, na mwandiko wake umejaa kwenye lile daftari kuliko wa mtu yeyote. Leo angekaa mbele ya skrini na kuona kila kitu sawa na wengine. Nilipolikumbuka hilo, nilijiuliza kama ninachokililia ni ujana wangu tu. Kuna usiku nilijibu ndiyo.

Wasiwasi uliobaki ulikuwa huu: kamera ni moja, faili ni moja, namba ni moja. Yule anayeona tofauti atasema wapi?

Nikamwandikia mwenyekiti nikamuuliza hivyo hivyo. Jibu lake lilikuja usiku: "Tuna makundi mawili, dada. Kila kundi linapima picha zilezile peke yake, linachagua nyota zake za kulinganisha. Tunapata namba mbili, halafu tunagombana."

Nilisoma ujumbe ule mara nyingi kwa furaha.

## Bega la Jabari

Mwishoni mwa 2019 Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya begani kwa Jabari, kundi la nyota liitwalo pia Orion, ilianza kufifia. Kutoka takriban magnitudi 0.5 ilishuka hadi kama 1.6 mwezi Februari 2020. Sisi wa zamani tulikuwa tumeshatawanyika, tumebaki kundi la ujumbe kwenye simu, la pongezi na rambirambi. Usiku mmoja mtu akaandika, "Mmeliona bega la Jabari?" Kabla hajaongeza neno, rafiki yangu wa nyota nyekundu akamkatiza: "Usiseme! Kila mtu aandike kwanza, tutume saa tatu kamili."

Saa tatu kamili namba zikamiminika. Watu hawakuwa wamesalimiana kwa miaka. Yake ilikuwa hafifu kuliko yangu kwa sehemu tatu za kumi.

Mwaka 2021 watafiti walieleza kwamba nyota ile ilitema gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, na gesi ile ikageuka vumbi lililoziba mwanga upande wetu. Ilipofifia, makadirio ya macho ya watu wa kawaida yalihesabika, kwa sababu Betelgeuse inang'aa mno: kamera nyingi huzidiwa nayo, picha ikajaa mwanga kupita kiasi na isipimike. Kamera ya wale wanafunzi pia huzidiwa. Mwenyekiti alikuwa ameshaniambia hilo kwa masikitiko, kwamba nyota maarufu namna hiyo hawaiwezi.

Nikamtumia njia yetu ya makadirio, na ile sheria.

Sasa kamera ikishaanza kazi yake ndani, wao husimama nje ya kuba na karatasi. Juzi alinitumia picha ya ukurasa wao wa kwanza. Mmoja kaandika 0.3, mwingine 0.8, wamepima dakika zilezile. Akaniuliza ipi ni sahihi. Nikamuuliza kila mmoja alilinganisha na nyota gani. Kumbe wa 0.3 alitumia Procyon, iliyokuwa bado chini karibu na upeo, hewa nzito ikaififisha na kuipa Betelgeuse sifa ya bure. Wa 0.8 alitumia Aldebaran, iliyokuwa tayari juu, mahali penye hewa nyepesi. Nimewaambia wasubiri Jabari apande, kisha warudie kila mmoja kwa nyota zote mbili. Wameshaulizana kama wafute zile namba za kwanza, na mwenyekiti ameshawakatalia kabla sijajibu.